Kabla ya Kuvaa Joho: Maandalizi ya Kijana wa Mahurunga Atakaye Kusoma Sheria

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, yalipotangazwa matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi wetu huiita kwa ufupi Shule ya Sheria, iliyoko kando ya barabara ya Sam Nujoma mjini Dar es Salaam, fadhaa iliingia katika nyumba nyingi. Kwani katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, waliotakiwa kurudia mitihani walikuwa 342, na 265 waliambiwa kuwa safari yao imekoma. Hao hawakuwa watoto waliotoka sekondari jana, bali wahitimu wa vyuo vikuu, kila mmoja na shahada yake ya sheria mkononi. Waziri wa Katiba na Sheria wa siku hizo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ipate kuchunguza kiini cha msiba ule, na mazungumzo yaliyofuata bungeni, magazetini na vibarazani yakagawanyika mapande: wako walioilaumu shule, wako waliovilaumu vyuo, na wako waliosema waziwazi kuwa vijana wetu hawakijui Kiingereza ambacho kwacho wanafundishwa na kutahiniwa.

Rai ya mwandishi wa makala haya ni ndogo kuliko hizo, na huenda ikawaudhi baadhi ya wakubwa wa taaluma: kijana anayejiandaa kuingia katika ilimu ya sheria hana upungufu wa maneno, ana upungufu wa mashauri. Huyahifadhi maneno ya Kilatini pamoja na maana zake katika daftari, akayasoma kwa ghibu siku ya mtihani, ilhali hajapata kusoma hata hukumu moja tangu jina la mrufani lililo juu hadi sahihi ya jaji iliyo chini. Na neno la sheria likitengwa na shauri lililolizaa hubaki sauti tupu, lisilojua mwanzo wake wala kikomo chake.

Ninamfikiria hasa kijana wa Mahurunga, kata iliyo kusini kabisa mwa wilaya ya Mtwara, pale Ruvuma inapokaribia kuiaga nchi kavu na mashamba ya mpunga kupakana na mikoko, ambaye aghalabu huambiwa kuwa sheria iko Dar es Salaam na vitabu vyake viko Uingereza. Ng'ambo ya mto anaoukuta kila siku iko Kionga, nchi ndogo ambayo Wajerumani waliikalia mwaka 1894 ijapokuwa tamko lao na Wareno la mwaka 1886 lilikwisha kuutaja mto Ruvuma kuwa mpaka, Wareno wakaitwaa kwa silaha mwaka 1916, na mwaka 1919, katika mapatano yaliyofuata Vita Kuu, wakakabidhiwa rasmi iwe yao. Mwaka 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walipokutana Cairo walikubaliana, kwa hoja ya Mwalimu Nyerere, kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Na Tanzania na Msumbiji zikalimaliza suala la mpaka wa baharini kwa mkataba wa tarehe 28 Desemba 1988. Kijana aliyeweza kuulizana na wenzake kwa nini kuikalia nchi kwa miaka ishirini na ushei hakukumpa Mjerumani milki yake, na ni kwa nini mpaka uliochorwa na wageni wawili ungali unamfunga mvuvi wa leo, huyo amekwisha kuanza sheria ya mataifa kabla hajalijua jina lake.

Maingilio yale yale ya mto yana sheria nyingine juu yake. Bunge lilitunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka 1994, na mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambayo vijiji vya pwani hii vimo ndani yake au vimepakana nayo. Sheria hiyo inafaa kuwa ya kwanza kusomwa na mwanafunzi wa huku, kwa kuwa wahusika wake anawajua kwa majina. Aanze na kifungu cha tafsiri, ambacho wasomaji wengi hukiruka kama watu warukavyo dibaji, na hapo atakuta kuwa neno la kila siku limepewa ndani ya sheria maana isiyo ya kila siku, pana zaidi au finyu zaidi kuliko aliyoizoea. Kisha atenge sheria mama, iliyotungwa na Bunge, na kanuni, ambazo waziri huzitunga kwa mamlaka aliyopewa na sheria mama na kuzitoa katika Tangazo la Serikali lenye namba na mwaka. Kwa kuwa waziri akivuka mamlaka hayo, kanuni yake yaweza kubatilishwa mahakamani hata ikiwa ni nzuri. Na azikague tamko kwa tamko zile sehemu zinazosema kuwa ofisa "anaweza" kutenda jambo na zile zinazosema kuwa "atatenda", maana ya kwanza humpa hiari na ya pili humtwika wajibu, na mashauri mengi yameshinda au kuanguka katika ufa huo mwembamba.

Tuje katika mgawanyo ambao bila ya huo mengine yote huvurugika, nao ni wa jinai na madai. Tuseme mtu amelikata kwa makusudi jarife la jirani yake lililotandwa mdomoni mwa mto. Kisu ni kimoja, usiku ni mmoja, lakini sheria huona mambo mawili. Katika jinai, Jamhuri ndiyo inayoshitaki, mwenye jarife akawa shahidi tu, na mkataji akaitwa mshtakiwa; mzigo wa kuthibitisha uko juu ya Jamhuri tangu mwanzo hadi mwisho, na uthibitisho wake hauna budi ufike mahali pasipo na shaka yenye mashiko, ndipo mtu atiwe hatiani na kupewa adhabu. Katika madai, mwenye jarife hufungua shauri kwa jina lake, akaitwa mdai na mwenziwe mdaiwa. Hapo mizani hulegezwa, inatosha kuonyesha kuwa maneno yake yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko ya mwenzake, na akishinda hupata fidia, wala hapana mtu anayefungwa kwa ajili ya kosa. Kwa hiyo yawezekana kabisa mtu yule yule akaachiwa huru katika jinai na akaamriwa kulipa jarife katika madai, na wala mahakama hazikupingana. Walimu wa sheria husimulia kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujulikana kwa kuandika kuwa mdaiwa "amepatikana na hatia".

Na kwa habari ya mkataba, nchi ya korosho imejaaliwa somo ambalo watoto wa mijini hawana. Kwa mujibu wa Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika katika korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima huupeleka mzigo wake katika chama cha msingi, ukapimwa na kupangwa daraja, ukaenda ghala kuu kusubiri mnada, na karatasi ikatolewa badala ya gunia. Sasa maswali yanamiminika: korosho ziko ghalani, je, ni za nani? Aliye nazo mkononi ni mwenye ghala, lakini mwenye mali ni mwingine, na hapo ndipo mwanafunzi akutanapo na kutengana kwa milki na umiliki, na lile fungu la sheria ya mikataba linalohusu mali iliyowekwa amana. Mvua ikavuja, magunia yakaoza kabla ya mnada, ni nani abebaye hasara, na je, mwenye ghala alikuwa na wajibu wa uangalifu wa kiasi gani? Mkulima akaiweka stakabadhi yake rehani benki, kisha mzigo ukauzwa, ni nani atangulie kulipwa? Msimu mmoja wa korosho, ukiangaliwa kwa jicho hilo, una maswali ya mtihani ya kutosha mihula miwili.

Lakini nilisema kuwa kinachopungua ni mashauri, na sina budi nionyeshe moja kwa tafsili. Nimechagua rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Bi Hawa na Bwana Ally walioana mwaka 1971, wakaachana mwaka 1980. Mume alikuwa baharia, kazi yenye kumweka mtu mbali na nyumbani. Mke alikuwa mama wa nyumbani, hakuwa na mshahara. Ilikuwapo nyumba iliyonunuliwa kwa pesa za mume, na mke akadai sehemu yake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kikiitaka iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Je, kupika, kufua, kulea na kuitunza nyumba ni "kazi" ndani ya kifungu hicho?

Kabla ya shauri hilo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Baadhi yao walisema kuwa kazi za nyumbani ni wajibu wa kawaida wa mke, haziongezi tofali hata moja katika nyumba. Wengine wakasema kuwa mume hangeweza kuchuma kama mke hangeishika nyumba. Mahakama ya Rufani haikulichukua neno moja likalipima peke yake, bali iliuliza sheria hii ilitungwa iondoe dhara gani, na kwa njia hiyo ikafikia kuwa ustawi wa familia ni sehemu ya uchumi wake, na kwa hivyo mke aliyeushughulikia amechangia katika kuipata mali. Wanasheria huiita njia hiyo ya tafsiri kanuni ya kuangalia dhara, na mwanafunzi aliyeiona ikitenda kazi katika nyumba ya Bi Hawa hataisahau daima.

Msomaji atadhani kuwa Bi Hawa alirudi kwao na fungu lake. La. Ilithibitika kuwa mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzishia mradi wa familia, naye akazifuja. Mahakama ikaona kuwa alichochangia na alichofuja vinafutana, akatoka mikono mitupu. Ameshinda hoja, ameshindwa kesi! Maelfu ya wanawake wa nchi hii wamepata haki zao kwa jina la mama ambaye mwenyewe hakupata kitu, nami nikiri kuwa kila nikiisoma hukumu hiyo ukurasa wa mwisho hunikera kidogo. Lakini kwa mwanafunzi ukurasa huo ni hazina, maana ndipo aulize lile swali ambalo kwalo shule ya sheria husimama au huanguka: kati ya yote yaliyosemwa, lipi ndilo sababu ya uamuzi, ambalo mahakama za chini zitafungwa nalo, na lipi limesemwa njiani tu, la kusikilizwa kwa heshima pasipo kumfunga mtu? Wanasheria huliita la kwanza ratio decidendi na la pili obiter dictum. Na aandike kwa mkono wake, katika nusu ukurasa usiozidi, yaliyotokea, kilichobishaniwa, kilichoamuliwa na kwa nini. Akifanya hivyo kwa hukumu kumi kabla ya kufika chuoni, atakuwa amewapita wengi walio mwaka wa pili.

Hukumu ya pili iwe ile ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliyotolewa na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, juu ya mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa wasia wa baba yake, na ndugu wa ukoo akapinga kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri hilo linafaa kwa kuijua ngazi: lilianzia Mahakama ya Mwanzo, ambako mila ilishinda, likapanda Mahakama ya Wilaya, ambako Katiba ilishinda, likafika Mahakama Kuu, ambayo iliona kuwa mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Juu ya hapo iko Mahakama ya Rufani, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mahakama yake ya rufaa kwenda nayo.

Msomaji wa hukumu hizi atakutana mara kwa mara na tarehe 22 Julai 1920, na yafaa aijue mapema: ndiyo siku ambayo sheria ya mazoea ya Kiingereza, kanuni zake za insafu, na baadhi ya sheria za Bunge la Uingereza zilizokuwa zikitumika siku hiyo, zilipopokewa Tanganyika, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Tena atakuta majaji wakinukuu maamuzi ya Bombay na Calcutta, akastaajabu. Sababu ni kuwa serikali ya kikoloni ilizitwaa sheria za India na kuzitumia huku: Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika hadi tulipotunga yetu ya mwaka 1967, ile ya Mikataba hadi mwaka 1961, na Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 ni mtoto wa ile ya India ya mwaka 1908.

Kuhusu lugha, mambo yamebadilika kuliko wengi wanavyodhani. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha kazi zake kwa Kiswahili siku zote, na kufikia mwaka 1968 Kitivo cha Sheria cha chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho ndicho kitivo cha kwanza cha chuo kile tangu kilipofunguliwa Oktoba 1961, kilikwisha kutoa orodha ya maneno ya sheria kwa Kiswahili chini ya mkono wa mkuu wake wa kwanza, A. B. Weston. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Walakini vyuo vingali vinafundisha kwa Kiingereza, na hazina ya hukumu za miaka mia iko katika Kiingereza. Basi mwanafunzi ahitaji miguu miwili. Njia rahisi niijuayo ni kuchukua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ambayo iliandikwa kwa Kiswahili na ina tafsiri yake ya Kiingereza, akaziweka nakala mbili ubavu kwa ubavu na kusoma ibara kwa ibara, tangu ile ya 13 inayohusu usawa mbele ya sheria hadi ya 107A inayoweka misingi ya utoaji haki. Atapata kamusi isiyo na makosa ya wauza vitabu vya muhtasari, ambavyo mimi sivishauri hata kidogo.

Nyenzo nyingine hazina gharama. Mahakama ya Tanzania huweka hukumu zake katika TanzLII, ambako zinasomwa bure hata kwa simu, zikiwamo za Mahakama Kuu ya Mtwara. Na sheria kuu zilizofanyiwa urekebu, Toleo la mwaka 2023, ndizo za kushika sasa, maana namba za vifungu katika vitabu vya zamani huenda zisilingane. Maktaba ya mkoa iko Mtwara mjini. Mahakama ni za wazi, mtu yeyote mwenye adabu aweza kuketi nyuma akasikiliza. Na asubuhi moja ya kumsikiliza wakili akimhoji shahidi wa upande wa pili hufundisha mengi kuhusu ushahidi wa kusikia kwa watu, na kwa nini haukubaliwi. Wako pia wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawakosi kazi ya mkono kwa kijana ajuaye kuandika vizuri.

Njia zenyewe ni zaidi ya moja. Aliyefaulu vyema kidato cha sita huomba chuo kikuu moja kwa moja, na shahada humchukua miaka mitatu au minne kwa kutegemea chuo. Ambaye alama zake hazikutosha aweza kupitia astashahada na stashahada, kama zile za Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, akapanda polepole. Na aliye na shamba au watoto wa kulea asidharau Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho hutoa shahada ya sheria na kina kituo Mtwara. Baada ya shahada ndipo huja ile Shule ya Sheria ya Sam Nujoma, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo mwenye nia ya kuwa wakili haikwepi.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Huku kwetu ni kawaida jina la cheti cha kuzaliwa lisilingane na la cheti cha kidato cha nne, mwalimu aliandika vyake na mzazi alitamka vyake, na mwombaji wa chuo au wa mkopo hutakiwa alete hati ya kiapo au hati ya kubadili jina. Hiyo itakuwa hati yake ya kwanza ya kisheria, asiitie sahihi kwa haraka kwa kuwa karani ana foleni. Aisome aya kwa aya, hususan ya uthibitisho, ambamo hutenga ayajuayo kwa nafsi yake na aliyoambiwa na mtu mwingine, kisha aangalie kamishna wa viapo akiandika mahali na tarehe ya kuapa mbele yake. Maana yako maombi mengi yaliyotupwa na Mahakama ya Rufani, ya mawakili wazima wenye majoho, kwa sababu tu kiapo hakikutaja kiliapwa wapi.